Shajara ya mradi: simu ya Mama, dawa ya Baba

Jumapili, 12 Januari 2025

Naanza kuandika haya kwa sababu kila nikirudi Arusha nasahau nilibadilisha nini wikendi. Mradi wenyewe ni mdogo: programu moja ya Android ya kupima hali ya mgonjwa nyumbani kila siku, simu moja ya Mama, mgonjwa mmoja. Mgonjwa ni Baba. Ana miaka 71, amefundisha hisabati shule za msingi mpaka akastaafu, na ana ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na viungo kuwa vizito, tangu miaka minne iliyopita, yaani tangu tulipoujua. Kabla ya hapo kulikuwa na miaka mingine ambayo sote tulisema ni uzee. Anaishi Machame na Mama, pamoja na mpwa wangu wa kidato cha pili.

Kinachonisumbua ni kliniki. Kila miezi mitatu anateremka Moshi. Siku hiyo anaamka alfajiri, anameza dawa kwa wakati, anavaa koti, na anaingia kwa daktari akitembea kama bwana harusi. Dakika kumi zinaisha, kwenye faili panaandikwa "anaendelea vizuri". Jioni yake hawezi kufunga kifungo cha shati. Daktari ameandika alichokiona, hana kosa. Nataka nimpelekee na zile siku nyingine tisini.

Wazo si langu. Machi 2015 shirika la Sage Bionetworks la Marekani lilitoa programu ya iPhone iitwayo mPower. Mtu aligonga vitufe viwili kwa zamu kwa sekunde 20, akasema "aaa" kwa sekunde kumi, akatembea hatua ishirini simu ikiwa mfukoni, akacheza mchezo wa kumbukumbu. Maelfu walijiunga. Naiga vipimo viwili, kugonga na sauti, halafu naongeza kimoja cha kutetemeka. Cha kutembea nimekiacha, uwanja wetu una mteremko na kuku.

Jumamosi, 18 Januari

Jaribio la kwanza. Aibu tupu.

Mama ana vitambaa vya kufuma juu ya kila meza ya sebuleni. Baba alipoanza kugonga, simu ikaanza kuteleza juu ya kitambaa kama sahani juu ya maji, na kila ikisogea kitufe kinahama kutoka kwenye kidole. Tukaiweka juu ya kitabu cha nyimbo, ikatulia.

Matokeo: miguso 44 kwa sekunde 20. Nikaingiwa na huzuni, kwa sababu mimi mwenyewe nilipata 117. Lakini Baba akaniangalia akasema, "Mimi nimehesabu zaidi ya hamsini." Sikumbishia mwalimu wa hisabati. Tukarudia, safari hii mpwa akichora vijiti kwenye daftari, vitano vitano. Vijiti 61, simu 44.

Miguso 17 imepotea kwenye kioo. Kioo cha simu hutambua kidole kwa sababu ngozi hupitisha umeme kidogo, na vidole vya Baba ni vya mtu aliyeshika chaki asubuhi na jembe jioni, vigumu, na Januari hii ni vikavu kama ganda. Juu yake kuna protekta iliyopasuka kona mbili. Tumebandua protekta na Baba anapangusa vidole kwa kitambaa kibichi kabla ya kuanza. Sasa ni vijiti 58, simu 57. Naweza kuishi na hiyo.

Ningeondoka na ile 44 ningeandika kwamba Baba ni mzito kuliko alivyo.

Jumapili, 26 Januari

Kipimo cha kutetemeka. Mara ya kwanza nilimwambia ashike simu mkono ukiwa umenyooshwa mbele. Mkono ukatulia kabisa. Mama akacheka: "Anatetemeka akiwa amekaa tu, si akishika kitu. Kikombe anashika vizuri, ni akikiweka chini ndiyo mkono unaanza." Mama hajasoma udaktari, ila alichosema ndicho kilichomo vitabuni. Mtetemo wa Parkinson kwa kawaida huja mkono ukipumzika, na hupungua mkono ukipewa kazi.

Kwa hiyo sasa simu inafungwa kwenye kiganja kwa kipande cha khanga kuukuu, mkono unalala juu ya paja, na Baba anapewa kazi ya akili ili asiufikirie mkono. Madaktari humwambia mgonjwa ahesabu kurudi nyuma kwa saba kutoka mia. Kwa Baba hiyo ni starehe. "Mia moja, tisini na tatu, themanini na sita, sabini na tisa..." Alipofika sitini na tano mkono ulikuwa unacheza wenyewe, kidole gumba kikisugua cha shahada kama mtu anayehesabu noti. Yeye hakuuona. Mama aliuona, akatoka kwenda kuangalia ndizi jikoni.

Akselerometa ya simu hii, yaani kihisi chake cha mwendo, inasoma mara 50 kwa sekunde. Inatosha, maana mtetemo wenyewe ni mara nne hadi sita kwa sekunde. Nilipopitisha namba kwenye hesabu ya Fourier, inayoonyesha mtikisiko unarudi mara ngapi kwa sekunde, kilele kikasimama kwenye tano, kama mlingoti. Kulikuwa na vurugu moja pembeni nikahangaika nayo nusu saa nzima, kumbe ni meseji za kundi la kikoba cha Mama, simu ikiwa kwenye mtetemo. Programu sasa inazima mtetemo wakati wa kipimo.

Nikamwonyesha Baba mchoro. Hakuuliza habari za mkono wake. Aliuliza, "Mhimili mlalo ni nini? Na vipimo vyake viko wapi?" Sikuwa nimeandika. Akanirudishia simu.

Jumapili, 2 Februari

Tumeanza rasmi. Vipimo mara nne kwa siku, saa mbili asubuhi, saa tano, saa kumi na saa mbili usiku. Dawa (levodopa) anameza saa moja asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni, na kila akimeza mtu anaandika saa kwenye programu. Muda wa vipimo simu inaujaza yenyewe.

Sitarajii mengi. Mwaka 2020 watafiti walikusanya takwimu za tafiti nane za Marekani zilizofanywa kwa simu, washiriki zaidi ya laki moja. Nusu yao walikuwa wameacha kabla ya siku ya sita. Tofauti yetu ni kwamba mimi nina Mama.

Jumamosi, 8 Februari

Alhamisi Baba alikwenda kliniki. Sikuwa na cha kumpa apeleke, siku nne si kitu.

Wiki hii sauti ndiyo imenitia hofu. Ugonjwa huu hupunguza sauti, hilo nalijua. Baba aliyekuwa akifundisha darasa la saba huku la tano ng'ambo ya ukuta linasikia, siku hizi Mama anamwambia "unasemaje?" mara tatu kwa mlo mmoja. Uzuri wa "aaa" ni kwamba haina lugha. Mtu wa Marekani na mtu wa Machame wanaisema sawa, na unapima kama mawimbi ya koo yanafuatana kwa usawa au yanayumba.

Faili zote za wiki zina umbo moja. Sauti inaanza vizuri, sekunde ya pili inapungua, ya nne inakuwa kama mnong'ono, ya sita kimya. Kila siku, kila kipimo. Nilikaa chumbani Arusha nikisikiliza Baba anavyozimika, faili baada ya faili, nikaanza kuandika ujumbe kwa dada yangu.

Bahati nzuri kabla ya kuutuma nilisema "aaa" mwenyewe kwenye simu ya aina ileile. Nikazimika sekunde ya sita. Na mimi pumzi ninayo.

Ni simu yenyewe. Ina mtambo wa kuondoa kelele ili mtu asikike vizuri akipiga simu, na mtambo huo umefundishwa kwamba maneno hupanda na kushuka, ilhali kelele, kama ya feni au injini, ni sauti moja isiyobadilika. "Aaa" ya sekunde kumi ni feni kwa hesabu yake. Inaifuta kwa adabu, polepole. Android tangu toleo la 7 ina njia ya kuomba sauti mbichi isiyochujwa, lakini si kila simu inaikubali. Hii ya Mama imekataa. Nimetumia ile njia ya programu za kutambua matamshi, ambayo inachuja kidogo sana. Mpwa amejaribu leo jioni: sekunde kumi zote zimesimama.

Faili za wiki nzima nimezitupa. Ujumbe kwa dada nimeufuta.

Jumapili, 16 Februari

Sauti ya Baba sasa inasikika mpaka mwisho. Ni ndogo na ina mikwaruzo, ila ipo.

Tatizo jipya ni kwamba maikrofoni haichagui. Kwenye rekodi moja ya Jumatano, nyuma ya "aaa" kuna Mama na baba mdogo wakizungumza habari za mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, kwa majina na kwa hasira. Hilo jambo silipaswi kulijua, na sasa nalijua. Nilipomwambia Mama, alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Kwa hiyo hicho kidude kinasikia tu muda wote?" Nikamweleza ni sekunde kumi tu. Hakuonekana kuridhika sana, na sikumlaumu.

Nimebadilisha mpangilio. Rekodi haitoki tena kwenye simu. Hesabu inafanyika palepale, zinabaki namba chache, faili ya sauti inafutwa. Na bando linapona, kwa sababu sekunde kumi za sauti isiyobanwa ni kilobaiti 882, mara nne kwa siku.

Jumamosi, 22 Februari

Simu inaua programu yangu ili kutunza betri. Kengele za saa tano hazilii. Nimeiweka kwenye orodha ya zisizoguswa. Siku za soko Mama anaondoka na simu, kwa hiyo siku hizo hakuna kipimo cha saa tano, na sitajaribu kulirekebisha hilo.

Jumapili, 9 Machi

Hii naiandika kwa urefu kwa sababu nimepoteza nayo usiku miwili.

Ijumaa nilichora kwa mara ya kwanza miguso pamoja na saa za dawa. Nilitarajia kilima: anameza, baada ya saa moja hivi vidole vinaamka, halafu vinachoka mpaka dozi nyingine. Nikapata vurugu. Siku nyingine dawa inamsaidia, siku nyingine akimeza saa sita mchana anashuka vibaya alasiri kama vile dawa ndiyo inamwangusha. Kuna dozi za saa saba usiku. Kuna dozi za alfajiri. Nikafikiria Baba anaamka usiku na kumeza kwa siri. Nikafikiria amechanganyikiwa, kwa sababu ugonjwa huu unaweza kufika huko. Nilimpigia Mama saa nne usiku, nikamuuliza kama Baba anaamka usiku kula vidonge. "Anaamka kwenda chooni," akasema. "Wewe una nini?"

Jana nikapanda Machame, nikakaa sebuleni bila kusema kitu, nikiangalia tu. Saa moja asubuhi Baba akameza. Mama akachukua simu, akasema kwa sauti, "saa moja," akazungusha namba: 01:00. Akabonyeza sawa.

Saa sita mchana ni Jumamosi, mpwa yupo nyumbani. Baba akameza, mpwa akaandika 12:00.

Saa kumi na mbili jioni Mama akashika tena simu. "Saa kumi na mbili." 12:00.

Nilikaa na ile picha kichwani kama mtu aliyepigwa kofi. Mama anaandika saa kama anavyoisema, na kwa Kiswahili siku inaanza jua likichomoza. Mpwa anaandika ile ya ratiba ya shule. Wote wawili wako sahihi. Mjinga ni aliyechukua kile kisanduku cha saa kinachokuja na Android akakiweka mbele ya mama yake bila kufikiri, naye ni mimi, mtu ambaye kila siku akiambiwa "tukutane saa nne" anakwenda saa nne asubuhi na hajawahi kwenda alfajiri.

Huwezi hata kuongeza saa sita kwenye kila kitu. 01:00 na 06:00 ni rahisi, hakuna dozi ya saa hizo, kwa hiyo ni mkono wa Mama. Lakini 12:00 ni mchana kwa mpwa na ni jioni kwa Mama. Zilikuwa 38. Namshukuru Mungu simu huhifadhi pia lini maandishi yenyewe yaliingizwa. Zilizoingizwa kabla ya jioni ni 15, hizo ni mchana bila ubishi. Zilizobaki 23, kati yake 18 siku hiyohiyo ilikuwa na 06:00, maana yake dozi ya mchana ilishaandikwa na Mama, basi hiyo ni ya jioni. Tano sina njia ya kujua. Nimezitoa.

Kisanduku cha saa nimekiondoa. Sasa kuna kitufe kikubwa, "Amemeza sasa hivi". Kama wamesahau, wanachagua asubuhi, mchana, jioni au usiku, kisha saa ya Kiswahili, na programu inageuza yenyewe.

Nilimweleza Baba wakati wa chakula. Alicheka mpaka kijiko cha mtori kikamwagika. "Kwa hiyo ulidhani mimi ni mlevi wa vidonge."

Jumapili, 23 Machi

Kilima kimetokea. Data za zamani zilizosahihishwa na wiki mbili mpya zinasema jambo lilelile. Saa mbili asubuhi miguso ni sitini na kitu, siku nzuri inapita sabini. Saa tano inakuwa hamsini na kitu. Saa kumi jioni ni arobaini na kitu, na mtetemo unakuwa mkubwa. Dozi inadumu kama saa nne hivi, halafu anakaa kwenye shimo akisubiri nyingine. Shimo la jioni ni refu zaidi, na ndilo la kifungo cha shati.

Safari hii mihimili nimeiandika vipimo. Baba akauangalia muda mrefu, akaweka kidole kwenye lile bonde la saa kumi. "Hapa ndipo ninapokaa nje peke yangu," akasema. "Mama yako anadhani nimenuna."

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Nyumba imejaa. Rafiki wa Baba, waliyefundisha naye, amekuja na fimbo na mkono unaotetemeka, hajawahi kupimwa. Nikakumbuka ule utafiti uliopita nyumba kwa nyumba hapahapa Hai, uliochapishwa 2008: katika wilaya ya watu wapatao 161,000 wakapatikana wagonjwa 33 wa Parkinson, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wana nini. Huyu mzee angeweza kuwa mmoja wao.

Anataka na yeye awekewe programu. Nimemkatalia, ikaniuma. Nikimfuatilia Baba ni mambo ya nyumbani. Nikianza kukusanya za jirani, ni utafiti, unahitaji kibali cha maadili, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika Mei 2023 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Nimemwambia kwanza aende kliniki, nitampeleka mwenyewe.

Alikuwa na kitu mfukoni cha kumpa Baba: mbegu za upupu, zimemenywa na kukaangwa. Amesikia zinatibu. Jambo la ajabu ni kwamba kuna ukweli ndani yake, mbegu za upupu zina levodopa ya asili, ileile iliyomo kwenye vidonge. Ndiyo maana nilishtuka. Hakuna anayejua mbegu moja ina kiasi gani, na Baba tayari ana dozi yake. Mama alizipokea kwa shukrani nyingi, akazifungia kabatini, na ufunguo akaweka kifuani.

Alhamisi, 8 Mei

Kliniki. Nilichapisha ukurasa mmoja tu, mchoro mmoja. Nilikuwa na kurasa kumi na moja, Baba akanitoa kumi: "Mkaguzi hasomi daftari zima."

Daktari aliuangalia, akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Chakula cha mchana anakula saa ngapi?" Saa sita, pamoja na dawa. "Anakula nini?" Maharage, maziwa mgando. Akaeleza kwamba protini inagombania njia moja na dawa kuingia mwilini, kwa hiyo ameze nusu saa kabla ya kula. Kisha akagawa upya saa za dozi, sasa ziwe nne: saa moja asubuhi, saa tano, saa tisa, saa moja jioni. Saa za chakula sikuwa nimezirekodi hata siku moja.

Dakika zilikuwa kumi na tano safari hii. Baba alivyokuwa anatoka aliacha mchoro mezani, daktari akauweka kwenye faili.

Jumapili, 18 Mei

Siku kumi za ratiba mpya. Miguso ya saa kumi imepanda, zaidi ya hamsini siku saba kati ya kumi. Siku tatu zilizobaki mbili ni za mvua kubwa, umeme ulikatika na simu ikazima, kwa hiyo kipimo kilichelewa mpaka saa kumi na moja na nusu. Bado mapema kusema.

Toleo jipya lina kitufe cha "amekula". Limekataa kuingia, simu ya Mama imejaa. Ni video za kwaya, mia mbili na kitu, nyingine ni wimbo mmoja umerekodiwa mara nne. Mpwa ameshika simu anafuta, Mama amesimama nyuma ya kiti akichagua ipi ibaki. Wamefika ya kumi na tatu.